Tangazo Hili Limelipiwa

Candide alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza ya studio, spika za masikioni bado zikimning'inia shingoni. Damu ilikuwa imemtoka sikioni na kuganda kwenye zulia. Kando ya kichwa chake kililala kitako cha chuma cha maikrofoni, nywele mbili tatu zimenasa ukingoni. Karibu na mlango palikuwa na chupa iliyopasuka, na maji yake ya rangi ya chai yalikuwa yametambaa mpaka kwenye viatu vya marehemu. Chumba kizima kilinukia asali na tangawizi.

Inspekta Massoudi wa polisi ya upelelezi alichuchumaa, akaitazama ile damu, kisha akamtazama daktari.

"Pigo moja?"

"Moja tu. Juu ya sikio la kushoto. Aliyepiga alikuwa amesimama mbele yake, wanatazamana."

"Mwanaume?"

"Kichuma hiki ni kizito, inspekta. Ukishakinyanyua, kinapiga chenyewe. Mtu yeyote angeweza."

"Lini?"

"Wakati wa mapumziko ya mchana. Mwili bado haujakakamaa."

Alama za vidole lilikuwa jambo la kuulizwa tu kwa heshima ya kazi. Ule unga wa kuzichukulia ulikuwa umekwisha ofisini tangu enzi za vikwazo vya biashara, na hakuna aliyekumbuka kuagiza mwingine. Massoudi alifunika kichuma kwa gazeti, akafunga kwa kamba, akasimama huku magoti yakimlia.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa kumi na moja, lakini Bujumbura haikuacha desturi yake: ikifika saa ya chakula, maofisi ya Rohero yanafungwa na kila mtu anakwenda kula kwake. Wafanyakazi wa Redio Ntahangwa walikuwa wameondoka wote isipokuwa Candide. Yeye alikaa Gihosha, huko juu, na nauli ya kupanda na kushuka mara mbili kwa siku ilimshinda. Kwa hiyo alikula studioni, peke yake, mkate na ndizi mbivu. Ngozi ya ndizi ilikuwa bado mezani.

Jengo lilikuwa na mlango mmoja. Ule wa nyuma ulizibwa kwa magunia ya mchanga tangu waasi walipoangusha makombora mjini, na madirisha yote yalikuwa na vyuma. Mlango mmoja, mlinzi mmoja.

Mlinzi huyo aliitwa Musafiri. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, sare ya bluu imepauka mabegani. Kazi yake ilikuwa kupekua kila anayeingia, maana siku hizo guruneti ilibebeka mfukoni kama kiberiti. Hata Massoudi mwenyewe, na kitambulisho chake mkononi, alikuwa amepapaswa kuanzia kwapani mpaka kwenye soksi kabla ya kuruhusiwa kwenda kuona maiti. Miguuni pa Musafiri palikuwa na safu ya chupa: soda, maji, moja ya mafuta ya taa. Hakuna chupa iliyoruhusiwa kupita pale. Petroli nayo hukaa kwenye chupa.

"Nani aliingia wakati wa mapumziko?"

"Hakuna mutu, chef."

"Nani alitoka?"

"Hakuna."

"Ulitoka mlangoni? Hata kwenda kujisaidia?"

"Apana. Mi nilikuwa hapa hapa."

"Basi umemuua wewe."

"Apana, chef."

"Kama si wewe na hakuna aliyeingia, nani?"

"Mungu anajua."

Alijibu kwa sauti tulivu mno. Massoudi alikuwa amewahoji waongo wengi, na wengi wao hujitetea, huapa, humtaja mama. Huyu alikuwa kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Kapteni mmoja wa jeshi alikuwa amesimama nyuma yao, akivuta sigara. Hakuna aliyemwita, lakini siku hizo jeshi halikungoja kuitwa.

"Anakaa wapi huyu?" aliuliza.

"Kinama," alisema Musafiri mwenyewe.

Kapteni akatabasamu. "Kinama! Sasa unahangaika na nini, inspekta? Kinama ni nyumba ya waasi. Wamemtuma, ameua mutu wa redio. Affaire imekwisha."

"Sijamaliza hata kuuliza, kapteni."

"Uliza. Maofisi yakifungwa jioni, naondoka naye kwenda kambini."

Massoudi aliijua kambi hiyo. Watu wa Kinama waliopelekwa huko waliuliziwa na wake zao, na wake zao wakaambiwa wamehamishiwa kambi nyingine, na kambi hiyo nyingine haikuwa na jina. Alimtazama Musafiri. Musafiri alikuwa akitazama kidole gumba cha mguu wake, kilichotokeza kwenye kiatu.

"Mfungieni stoo," Massoudi aliwaambia askari wake. "Na asiguswe na mtu mpaka nirudi."

Mkurugenzi wa redio, Loïc, alimpokea ofisini huku akipangusa macho kwa leso safi. Alikuwa kijana aliyesomea Ubelgiji, akarudi na miwani na haraka.

"Candide alikuwa roho ya redio hii, inspekta. Vraiment. Mama wote wa Bujumbura walikuwa wanamusikiliza asubuhi."

"Alikuwa na adui?"

"Adui gani? Anazungumza mapishi, watoto, dawa. Hana politique."

"Dawa gani?"

Loïc alisitasita. "Kuna dawa moja, Uzima. Ya Monsieur Hyacinthe. Tulikuwa tunaipitisha ndani ya kipindi."

"Ile iliyomwagika studioni ni hiyo?"

"Harufu ni ile. Lakini sisi hatuiweki hapa. Candide mwenyewe hakuwa anainywa, alikuwa anasema inamuletea kiungulia."

Massoudi alinyanyua kichwa. Kama chupa haikuwako ndani, ilitoka nje. Na ya nje ingepitaje kwa Musafiri, mtu aliyenyang'anya watu hata soda? Aliliweka jambo hilo moyoni.

"Alikuwa hainywi lakini anaisifu."

"Analipwa kuisifu. Na si siri, inspekta!" Loïc alivuta kiti karibu, kidole juu. "Tangu mwaka huu kuna amri ya serikali. Mutangazaji akisifu bidhaa na amepewa kitu, lazima wasikilizaji waambiwe. Redio zingine wanajifanya hamnazo. Sisi tunafuata amri, à la lettre, neno kwa neno. Nikuwekee kaseti?"

Aliiweka. Sauti ya Candide ikajaa ofisini, sauti ya mwanamke anayekuandalia chai huku akikupa habari za mtaani. Mwili wake ulikuwa bado haujatolewa chumba cha pili.

*Mama zangu, leo ninawapa siri ya kwetu nyumbani. Mama yangu mzazi anaumwa sukari. Alikuwa anajidunga kila siku, mapaja yamejaa makovu, nikimwona nalia. Sasa anakunywa Uzima, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Sindano amezitupa. Jana nimemkuta anapalilia maharage!*

Ukafuata ukimya mfupi. Ukapita mlio wa inanga, zeze la Kirundi, taratibu, kamba moja moja. Kisha sauti nyingine, ya mwanaume, nzito, ya polepole: *Tangazo hili limelipiwa na wenyewe.*

Massoudi alishtuka. Hakuwa mtu wa kutishika na kaseti, lakini sauti hiyo aliifahamu. Aliisikia siku redio hii ilipotangaza kifo cha baba yake. Lilisomwa jina la marehemu, yakafuata majina ya watoto, msikiti, makaburi, kisha inanga ile na maneno yale. Bujumbura nzima iliijua. Ikilia inanga, watu walipunguza makelele hata sokoni, wakasikiliza ni nani tena.

"Hii ni sauti ya matangazo ya vifo," alisema.

"Ndiyo, ni ile ile." Loïc hakuona ajabu yoyote. "Komunike za vifo zinalipiwa, na hii imelipiwa. Sentensi ilikuwako tayari. Fundi aliikata, akaibandika mwishoni. Kwa nini turekodi nyingine?"

"Na mama yake Candide anakaa wapi? Inabidi aambiwe."

Loïc alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa ile leso ya machozi.

"Alikufa. Tisini na tatu, kule kijijini, pamoja na wengine."

"Alikuwa na sukari?"

"Sijui, inspekta. Candide alikuwa msanii."

Duka la Hyacinthe lilikuwa hatua chache tu kutoka soko kuu. Lilikuwa na foleni. Wanawake kwa wazee walishikilia chupa tupu, wengine wamefunga noti kwenye ncha za kanga. Hyacinthe, mtu mnene mwenye mikono laini, alimwingiza Massoudi nyuma ya pazia kabla wateja hawajamwona askari.

"Nimesikia. Maskini Candide! Nimeumia sana."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Kandokando ya ziwa, nakula samaki na watu wa forodha. Watano. Uwaulize." Massoudi alikuja kuwauliza baadaye, na ilikuwa kweli, hata mifupa ya samaki waliikumbuka.

"Mligombana na Candide?"

"Kwa nini nigombane naye? Yeye njo alinitajirisha! Nikuambie kitu cha kuchekesha, inspekta. Amri ilipotoka, kwamba lazima tuseme imelipiwa, nilijua nimekwisha. Nilimwambia muke wangu, tufunge, nani atanunua? Wiki ile ile watu wakaanza kupanga foleni. Zamani nilikuwa nauza kidogo kidogo. Sasa chupa zinanishinda."

"Kwa nini?"

"Mi nitajua wapi? Labda watu wanapenda ukweli."

"Ndani ya chupa kuna nini?"

"Vitu vya asili tu. Majani ya chai, tangawizi, asali."

"Asali? Unawapa asali wagonjwa wa sukari?"

Hyacinthe alitandaza mikono yake laini. "Kidogo sana. Haiui mutu."

Massoudi alitoka nje. Alitamani kupiga kitu, na kwa kuwa hakuwa na haki ya kumpiga yule, aliufunga mlango wa jipu la polisi kwa nguvu mpaka dereva akashtuka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa chupa yake.

Jua lilikuwa limeshaanza kulalia upande wa ziwa alipofika tena redioni. Kapteni alikuwa ndani ya gari lake mbele ya jengo, miguu nje, akisubiri kama anayesubiri basi. Mlangoni palikuwa na mlinzi mwingine, wa zamu ya jioni. Alimpapasa Massoudi tangu juu hadi chini, akamchukulia hata kalamu ya chuma. Nyuma yake alikuja mwanamke aliyevaa kipande kidogo cha kitambaa cheusi, kimebanwa kifuani kwa pini. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni. Mlinzi alisogea pembeni, akavua kofia, akainamisha macho. Mwanamke akapita na mfuko wake bila kuulizwa hata jina.

Massoudi akaduwaa.

"We! Mbona yule hukumpekua?"

Mlinzi alimshangaa. "Inspekta, ule amefiwa. Analeta komunike. Unaweza kumushika-shika mutu wa msiba?"

"Hata akiwa na mfuko?"

"Hata akiwa na nini. Hawa hatuwahesabu."

Hawa hatuwahesabu. Massoudi alipanda ngazi mbili mbili. Kwa msichana wa mapokezi aliuliza swali moja: wakati wa mapumziko, kuna komunike ya kifo iliyoachwa? Hakuna. Mezani kwake hapakuwa na kitu, wala chini ya mlango, wala kwenye mikono ya marehemu.

Basi kuna mtu mwenye kitambaa cheusi aliyepita na chupa ya Uzima, akaingia studioni, na hakuwa na tangazo lolote la kuacha. Jambo hilo lilimtatiza kuliko damu. Katika mji huu mtu hafi kimya. Barabara zimefungwa, ndugu wako milimani, wengine kambini, wengine ng'ambo ya mto. Ni redio tu inayoweza kuwafikia. Watu waliuza mbuzi, waliuza kitanda, wakalipia komunike. Kutotangaza maiti yako ilikuwa kama kumzika mbwa. Mtu gani afiwe, avae kitambaa, afike mpaka redioni, asitangaze?

Alifungua stoo. Musafiri alikuwa ameketi juu ya ndoo.

"Mwenye msiba naye ni mutu, au hahesabiwi?" Massoudi aliuliza.

 Musafiri aliinamisha macho, na mikono iliyokuwa imetulia mchana kutwa ikaanza kusuguana.

"Nani?"

"Hakuna mutu, chef."

"Acha! Nimeshajua aliingia. Mwanamke au mwanaume?"

"Uniache niende na basoda."

"Umerogwa? Unajua hao askari wanakupeleka wapi?"

"Najua."

"Una watoto?"

"Bane."

"Hao wanne watakula nini, Musafiri? Watakula hiyo heshima yako?"

Machozi yalianza kumtoka mlinzi, bila sauti, yakiingia kwenye ndevu.   Ndipo Massoudi alipotambua kwamba hii haikuwa adabu ya mlangoni tu. Mtu hajitoi kafara kwa adabu. Huyu alikuwa na deni la moyo kwa mtu huyo, na alikuwa ameamua kulilipa kwa shingo yake.

Na mtu ambaye mlinzi wa Kinama anaweza kuwa na deni kwake, angekaa wapi kama si Kinama?

Kapteni alitazama saa yake ya mkononi jipu lilipompita.

Barabara ya kwenda kaskazini ilikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi askari walitaka kujua inspekta anatafuta nini kwa hao watu. Massoudi alikuwa mtoto wa Buyenzi. Hakuwa mgeni wa mitaa ya mabati. Alisimamisha jipu bombani, wanawake walipopanga ndoo, akateremka, akawaamkia.

"Mama zangu, pole na kazi. Nauliza: kuna msiba gani hapa ambao haukupita mu redio?"

Hawakuhitaji kufikiri.

"Kwa Mama Amélie," alisema mmoja. "Dative. Mutoto wake amezikwa bila komunike! Bajomba zake bako Kayanza, hawajui mupaka leo. Watu wanamusema vibaya."

"Mtoto aliumwa nini?"

"Sukari. Mutoto mudogo hivi, na sukari! Nyumba ni ile, inashikana ukuta na ya Musafiri wa redio."

Dative alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na chungu kikubwa kilichojaa mchanga, na ndani ya mchanga chungu kidogo chenye kifuniko. Alikuwa akinyunyiza maji kwenye mchanga kwa kiganja, taratibu, pande zote. Kitambaa cheusi kilikuwa kifuani. Alimwona askari, hakuacha kunyunyiza.

"Mama Amélie, pole kwa msiba."

"Asante."

"Ndani ya chungu kuna nini?"

"Dawa ya mutoto. Ya sindano. Masista walisema isipate joto."

Massoudi alifunua kifuniko. Vichupa vya insulini vilikuwa vimepangwa ndani, baridi, vimejaa karibu vyote. Mtoto alikuwa kaburini na mama yake alikuwa bado akiilindia dawa yake isiharibike. Massoudi alirudisha kifuniko polepole. Alikuwa amezoea maiti, lakini hicho chungu kilimshinda.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Uliingia redioni na chupa ya Uzima."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Musafiri amekataa kusema. Amesema hakuingia mtu, na kwa kuwa hakuingia mtu, wanasema ameua yeye. Jioni hii askari wanampeleka kambini."

Mkono wa Dative ukasimama juu ya mchanga, maji yakichuruzika.

"Musafiri? Juu yangu?"

"Juu yako."

Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akafunga mlango kwa kipande cha waya. "Twende mbio," alisema. "Yule baba ana batoto."

Walimkuta Musafiri ameshapandishwa kwenye gari la kapteni, mikono nyuma, na injini inanguruma. Dative aliteremka jipu halijasimama vizuri.

"Mumufungue!" alipaza sauti. "Ni mimi! Mi njo nimemuua ule wa redio!"

Barabara nzima ya Rohero iligeuka. Kapteni alimtazama mwanamke huyo mwembamba, kandambili zake, kitambaa chake, na usoni alionekana kama mtu aliyeibiwa. Mpelelezi alikuwa na muuaji anayekiri mbele ya mashahidi. Hapakuwa na la kufanya. Musafiri alifunguliwa. Hakushukuru mtu. Alimwendea Dative, akamshika mabega, akasema kwa sauti ya kukatika, "Mama Amélie, umesema juu ya nini? Mi njo nilikuletea ile chupa ya kwanza. Mi njo nilikuambia ni ya kweli."

"Hukujua," alisema Dative. "Enda kwa batoto."

Maelezo yalichukuliwa ofisini kwa Massoudi, dirisha likiwa wazi, mwanga wa mwisho wa siku ukiwa juu ya meza. Karani aliandika. Massoudi aliuliza.

"Mtoto alikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi na moja."

"Uliacha kumdunga kwa sababu ya Candide?"

"Apana." Dative alitikisa kichwa, karibu akasirike. "Mi si mujinga, inspekta. Bamama ba redio wanasema mengi. Leo sabuni, kesho mafuta ya ngozi. Wanatupaka mafuta tu. Candide sikumuamini."

"Ulimwamini nani basi?"

"Ile sauti ya nyuma yake. Ya inanga."

Karani aliacha kuandika. Massoudi akamfanyia ishara aendelee.

"Bwana yangu waliniulia tisini na tano, ku kizuizi. Nikauza cherehani yangu, nikalipa, wakamusoma. Redio ingine, lakini mutangazaji ni ule ule, ameshahamia kwa hawa. Akasema limelipiwa na wenyewe. Ile maneno ni mimi! Mi njo mwenyewe! Nilitoa cherehani juu watu wajue ni kweli amekufa. Sasa nikisikia tena ile sauti inasema na Uzima imelipiwa, nikasema, nani atalipa juu ya uongo? Mutu analipa juu ya kitu cha kweli. Na Musafiri akasema, wale ninawajua, ile inanga hawachezi nayo."

"Ukaacha sindano."

"Amélie alikuwa analia ku sindano. Na kwenda kwa masista, siku zingine kuna risasi njiani. Nilifurahi, inspekta. Nilifurahi sana. Alikunywa, akasema ni tamu. Kisha akaanza kiu. Anakunywa maji, anatapika, anahema kama ametoka kukimbia. Wiki haikuisha."

 Nje muuza karanga alipita akipiga kelele, akaondoka.

"Ulikwenda redioni kumuua Candide?"

"Apana! Nilienda kumuuliza." Dative aliinama mbele, kama anayetaka kueleweka walau mara hii. "Nilidhani nimekosea vijiko. Mama yake amepona, mutoto yangu amekufa, basi mi nimekosea. Nilibeba chupa, nimuonyeshe kijiko nilichotumia. Nilitaka anipeleke kwa mama yake, aniambie alifanya namna gani."

"Candide akasemaje?"

"Alinipokea vizuri. Akanipa kiti. Alipojua mutoto amekufa akashika mudomo. Nikamuambia, nipeleke kwa mama yako. Akasema mama yake alikufa tisini na tatu. Nikamuuliza, sasa ule anayelima maharage ni nani? Akaanza kulia. Chupa ikaniponyoka. Akasema, 'Mama, ile ni matangazo ya biashara. Sisi hatukuficha. Si tuliwaambia imelipiwa?'"

"Ndipo ukamuua?"

"Alisema tena. 'Tuliwaambia, mama.' Njo nikashika kile kichuma."

Hakulia. Massoudi alijua yatakayofuata. Huyu angekwenda gereza la Mpimba, na kwa kosa hilo asingetoka akiwa na nguvu za kunyanyua ndoo. Loïc angetafuta sauti nyingine tamu ya asubuhi. Hyacinthe angefungua duka kesho, na hakuna kifungu cha sheria cha kumshikia, kwa sababu amri ilitaka wasikilizaji waambiwe, na waliambiwa. Alichukua karatasi kwa karani, akaiweka mbele ya Dative.

"Weka sahihi hapa."

Dative aliitazama karatasi, hakuishika.

"Inspekta, weye umesoma. Serikali ilipowaambia baseme limelipiwa, ilitaka sisi tusikie nini?"

Massoudi alifikiri jinsi ya kulisema. Hakupata njia laini.

"Ilitaka mjue kwamba anayesema amepewa kitu. Kwa hiyo msimwamini haraka."

"Maana yake ni musiamini?"

"Karibu hivyo, mama."

Dative alilirudia jibu hilo kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza.

"Sasa," aliuliza, "kwa nini hawakusema hivyo?"

Karani alimtazama Massoudi. Massoudi alisogeza kidau cha wino mbele ya yule mama, akamshika kidole gumba, akamsaidia kukibonyeza kwenye karatasi.